Kupanga nyumba Malindi, kwenye mitaa inayoinukia

Malindi haitoshi tena baina ya jeti, Shella na soko. Ukitoka mjini kwa barabara ya Mombasa, kabla hujafika Msabaha, utaona kuta zilizosimama bila paa, mchanga uliomwagwa kando ya njia, na vibao vya "Vyumba vya kupangisha" vimepigiliwa kwenye minazi. Hali ni hiyo hiyo Muyeye, Kijiwetanga, Kwa Chocha na njia ya kuelekea Ganda. Wanaohamia huko ni walimu, wauguzi, madereva wa tuktuk, wafanyakazi wa hoteli, vijana waliotoka kwa wazazi, na watu wa Mombasa na wa bara waliofuata kazi. Kodi ni nafuu kuliko katikati ya mji, nafasi ipo, na nyumba nyingi ni mpya.

Taabu ni kwamba mtaa unaoinukia hupata wapangaji kabla ya kupata maji na barabara. Rangi mpya ukutani haikuambii maji yatatoka wapi wala ardhi ni ya nani, na hayo ndiyo mambo mawili yanayowahamisha watu kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo nimeyapa nafasi kubwa hapa.

1. Piga hesabu ya mwezi mzima

Watu hulinganisha nyumba kwa kodi, halafu mwezi wa kwanza wanajiuliza pesa zimekwenda wapi. Tuseme chumba cha Kijiwetanga ni shilingi 6,000 na chumba kama hicho karibu na soko ni shilingi 8,500. Kama unafanya kazi mjini siku 26 kwa mwezi na nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 200, hiyo peke yake ni 5,200. Chumba cha 6,000 kimeshakuwa cha 11,200, na bado hujanunua mtungi hata mmoja wa maji. Kwa mtu anayefanya kazi hoteli za upande wa Casuarina hesabu inaweza kugeuka kabisa, na Muyeye ikamfaa kuliko mjini.

Andika kodi, nauli, maji, tokeni za stima, pesa ya taka na ya mlinzi kama ipo. Wenye watoto waongeze nauli ya shule. Jumla hiyo ndiyo ya kulinganisha nyumba kwa nyumba.

2. Tembea mtaani kabla ya kumpigia dalali

Dalali ana kazi yake, na wapo waaminifu. Lakini anayeujua mtaa ni yule anayeamka hapo kila siku. Muulize mama anayekaanga mahamri asubuhi, mwenye duka la rejareja, vijana wa stendi ya bodaboda. Waambie wazi unatafuta nini na mfuko wako ni wa kiasi gani. Mara nyingi watakutajia chumba ambacho bado hakijawekewa kibao, na pia watakwambia ni nyumba gani wapangaji hawakai.

Ukimtumia dalali, mpatane malipo yake kabla hamjaanza kuzunguka, na yawe ya nyumba uliyoichukua. Wapo wanaotoza pesa ya kuonyeshwa tu, wakakuzungusha kwenye vyumba ambavyo hata kuku hatakubali kulala. Na usitume pesa kwa M-Pesa ili "ushikiwe" nyumba ambayo hujaingia ndani yake ukaikagua, hata picha ziwe nzuri vipi. Picha ya nyumba ya watu yeyote anaweza kuwa nayo kwenye simu.

Jua pia unatafuta nyumba ya aina gani. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na jiko, choo na kisima huko uani. Unapanga chumba, na mnashirikiana mengine yote na familia zilizomo, mara nyingi pamoja na mwenye nyumba mwenyewe. Ni rahisi na hukai mpweke, lakini ina masharti yake: wageni wa kulala, pombe, muziki, na kama wewe na mwenzio mmeoana. Uliza mapema, usingoje kuambiwa usiku wa manane. Ploti ni vyumba vilivyopangwa mstari kuzunguka uwanja mmoja. Halafu kuna fleti mpya zenye choo ndani, na kuna nyumba ndogo zilizo ndani ya kiwanja cha jumba la mgeni, ambazo ni tulivu ila zina tatizo la Desemba nitakalolieleza mbele.

3. Ulizia ardhi ni ya nani

Pwani mtu anaweza kuwa na nyumba bila kuwa na ardhi iliyo chini yake. Mzaliwa wa Malindi analijua hilo tangu utotoni, lakini anayetoka bara hulishangaa, na ndiye anayeumia.

Chimbuko lake ni la zamani. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wapeleke madai yao yaandikishwe. Waliokuwa na habari na njia ya kufika ofisini waliandikisha. Jamii nyingi za Kimijikenda, ambazo ardhi yao ilishikwa kwa ukoo na mila, ziliachwa nje, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa mali ya serikali ya kikoloni. Hadi leo kuna familia zilizozika mababu mahali pamoja kwa vizazi bila kuwa na hati, na kuna wenye hati ambao hakuna mtaani aliyewahi kuwaona. Baina ya hao ndipo ilipostawi desturi ya mtu kujenga nyumba yake na kumlipa mwenye shamba kodi ya ardhi.

Kupanga katika nyumba ya namna hiyo si kosa wala si aibu. Watu wengi wema wanaishi hivyo na kupangisha hivyo. Unachohitaji ni kujua, ili upime utaweka pesa kiasi gani. Fanya hivi:

Muulize mwenye nyumba kwa adabu, na kwa maneno ya kawaida. "Mzee, kiwanja hiki kina hati, au ni nyumba juu ya ardhi ya mtu?" Mtu mkweli hatakasirika. Kama ana hati, omba kuiona na ulinganishe jina na kitambulisho chake. Kama analipa kodi ya ardhi, omba kuona risiti ya karibuni. Akiwa na deni la miaka, siku mwenye ardhi atakapokuja hatauliza kama wewe ni mpangaji tu.

Ukipata namba ya kiwanja, unaweza kuomba upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ya Kilifi ujue jina lililoandikishwa. Kwa chumba kimoja cha bei ndogo huenda ukaona ni usumbufu. Kwa nyumba nzima, au kama unataka kufungua duka au kituo cha watoto, usiruke hatua hii.

Kisha nenda kwa mzee wa mtaa. Mwamkie, jitambulishe, umuulize kama kiwanja kile kina kesi. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo hapo hapo Malindi, na kesi za mashamba ya huku haziishi haraka. Kibao cha "Shamba hili haliuzwi" au alama nyekundu za rangi kwenye kuta ni dalili ya kuuliza zaidi kabla ya kutoa hata shilingi. Upande wa Kwa Chocha na maeneo yanayopakana na uwanja wa ndege, ulizia pia mpango wa kupanua uwanja, ambao umezungumzwa kwa miaka mingi, na kama kiwanja chako kimo ndani ya mipaka yake.

Na kuna nyumba za urithi. Mzee amefariki, nyumba imebaki, watoto ni saba, na kila mmoja anaamini kodi ni yake. Nimeona mama mmoja mpangaji akidaiwa kodi ya mwezi mmoja na ndugu wawili, kila mmoja na daftari lake, na yule mama hakuwa na risiti ya hata mmoja wao. Kama nyumba ni ya urithi, taka karatasi iliyotiwa sahihi na wenye nyumba wote, au angalau wakubwa wao, ikisema kodi ilipwe kwa nani na kwa namba gani ya simu. Wakiwa wamefikisha mirathi kwa Kadhi, uliza imefika wapi. Wasipokubaliana mbele yako, tafuta nyumba nyingine. Ugomvi wa ndugu hauna mpangaji anayeushinda.

Ukiamua kukaa mahali penye shaka kwa sababu bei inakufaa, lipa mwezi kwa mwezi. Usilipe miezi sita mbele, usijenge jiko la matofali, usiweke vigae.

4. Fuata maji mpaka yanakotoka

Maji matamu ya mji huu yanatoka Baricho, kwenye visima virefu kando ya mto Sabaki, yakisukumwa kwa stima. Stima ikizimika Baricho, au mafuriko yakivunja bomba kubwa, mifereji hukauka Malindi nzima. Hayo yanatupata sote. Tofauti ni kwamba mitaa ya mwisho wa bomba hukauka mapema zaidi na hupata maji kwa kuchelewa, na mitaa mingi mipya iko mwisho wa bomba.

Kwa hiyo usiulize "Maji yapo?" Jibu lake siku zote ni "Yapo." Uliza hivi: Mfereji hutoka siku gani, na saa ngapi? Mara ya mwisho ulikauka siku ngapi? Tangi ni la lita ngapi na linahudumia nyumba ngapi? Bili ya maji imo ndani ya kodi au ni kando, na inagawanywa vipi? Halafu maswali hayo hayo muulize jirani, mwenye nyumba akiwa hayupo. Majibu yakitofautiana, mwamini jirani.

Panda uangalie tangi. Tangi la lita 1,000 kwa fleti nane zenye watu watatu watatu ni kama lita 40 kwa kila mtu, na likiisha leo jioni hamjui litajazwa lini. Angalia kifuniko kipo na kinafunga, maana tangi lililo wazi ni kiwanda cha mbu.

Kisha kisima. Nyumba nyingi zina kisima, na mwenye nyumba atakisifu. Kaa nacho dakika chache. Chota maji, onja kidogo, yateme. Nawa mikono kwa kipande cha sabuni: sabuni ikigoma kutoa povu na mikono ikabaki na utando unaonata, maji hayo yana chumvi na chokaa nyingi. Mwombe jirani akuonyeshe birika lake la chai kwa ndani. Likiwa na ukoko mweupe mnene kama ganda la yai, umeshajua hayo maji yatafanya nini kwa bomba lako la kuogea na nguo zako nyeupe. Karibu na bahari maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, tabaka juu ya tabaka, na kadiri nyumba mpya zinavyochimba visima na kuweka pampu ndivyo chumvi inavyopanda. Kisima kilichokuwa kitamu miaka kumi iliyopita si lazima kiwe kitamu leo.

Jambo la pili ni choo. Nyumba za mitaa hii hutegemea shimo au tangi la choo uani, na mwamba wetu ni wa matumbawe, una matundu kila mahali. Uchafu unasafiri ndani yake kwa wepesi. Simama kwenye kisima, tafuta kifuniko cha choo cha nyumba hii na cha nyumba jirani. Kama vimekaribiana kiasi kwamba unahesabu hatua chache tu, maji ya kisima hicho ni ya kufua na kudeki. Ya kunywa na kupikia nunua, na uyachemshe au uyatie dawa. Kwenye mvua za masika, kipindupindu na homa ya matumbo hutafuta visima vya aina hiyo.

Mwisho, jua mwenye mkokoteni wa maji wa mtaa ule anapatikana wapi na mtungi wa lita 20 anauuza bei gani siku ya kawaida na siku ya ukame. Mnunulie mara moja moja hata mfereji ukiwa unatoka. Siku mtaa mzima umekauka, atawapelekea kwanza anaowajua.

5. Rudi saa nane mchana, na urudi tena mvua ikinyesha

Nyumba huonyeshwa asubuhi, jua likiwa pole. Wewe rudi saa nane mchana, ufunge mlango, ukae ndani robo saa. Paa la mabati lisilo na silingi utalisikia kichwani. Kama unahamia Juni, kumbuka kwamba hujauona Februari.

Angalia madirisha yanaelekea wapi. Upepo wa kusi huvuma kutoka kusini kuanzia kama Aprili, na kaskazi hutoka kaskazini mashariki kuanzia kama Novemba hadi Machi, ambayo ndiyo miezi ya joto kali. Chumba kinachopata pepo hizi mbili kwa madirisha mawili yanayotazamana hakikulazimishi feni usiku kucha. Lakini tazama pia kiwanja kitupu kilicho pembeni. Kwenye mtaa unaokua, kiwanja kitupu leo ni ghorofa mbili mwakani, na ukuta wake utasimama mbele ya dirisha lako. Mimi ningelipa zaidi kidogo kwa nyumba ambayo majirani zake wameshajenga.

Papasa ukuta kwa kiganja, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Ukipata unga mweupe mkononi, au rangi imevimba na kubabuka kama ngozi iliyoungua jua, chumvi imo ndani ya ukuta. Huenda nyumba ilijengwa kwa mchanga wa baharini au maji ya kisima. Rangi mpya itaificha kwa miezi michache, kisha itatoka tena, na kabati la nguo ukiliegemeza hapo litaota ukungu. Kwenye ghorofa tazama chini ya balkoni: nyufa zenye madoa ya kutu zinaonyesha kwamba nondo zinavimba kwa ndani. Huko usipange, hata kwa bei ya bure.

Mvua ikinyesha, chukua mwavuli uende. Utaona maji yanakusanyika wapi, tuktuk inaishia wapi, na kama mlango wako uko juu ya njia au chini yake. Barabara za udongo wa mtaani zilizo nzuri Januari zinaweza kukuvua viatu Mei.

6. Stima

Hakikisha mita ni yako peke yako. Washa taa na pasi, nenda kwenye mita utazame inayosonga ni ipi, kisha zima swichi kuu uone kama kuna mtu ndani ya jengo ameanza kulalamika. Mita ikiwa ya pamoja, kubalianeni kwa maandishi jinsi ya kugawana, maana wewe mwenye feni na balbu mbili utajikuta unalipia friji ya muuza samaki. Uliza kama mita ina deni la mpangaji aliyetoka, kwa sababu deni hukatwa kwenye tokeni utakazonunua.

7. Patana bei, na ujue msimu

Malindi inafuata wageni. Desemba mji hujaa, na Julai na Agosti pia. Kuanzia Aprili mvua zikishika, hoteli kadhaa hufunga au hupunguza wafanyakazi, watu hurudi kwao, na vyumba hubaki vitupu hadi Juni. Huo ndio wakati wa kupatana. Mwenye nyumba aliyekaa na fleti tupu tangu Pasaka atakusikiliza.

Sema bei yako kwa heshima na utoe sababu. "Mzee, nyumba nimeipenda, ila maji nitakuwa nanunua. Nifanyie elfu tisa, na kila tarehe tano pesa yako itakuwa imeingia." Mpangaji wa kudumu anayelipa kwa wakati ana thamani, na wenye nyumba wanaijua. Kama bei haishuki, omba kitu kingine: wavu wa mbu kwenye madirisha, kitasa kipya (hewa ya bahari huvila vitasa), tangi la ziada.

Nina ombi hapa kwa wanaokuja na mishahara ya Nairobi au pesa za nje. Usikubali bei ya kwanza kwa sababu tu kwako ni ndogo. Mwenye nyumba wa jirani atasikia kesho, na mwalimu au muuza mboga aliyekuwa hapo miaka minne ataongezewa kodi mwezi ujao. Patana kama wenyeji wanavyopatana, ulipe bei ya mtaa.

Sasa hilo la Desemba. Nyumba zilizo karibu na ufuo, hasa zile ndogo ndani ya viwanja vya majumba, hupangishwa kwa bei nafuu wakati wa mvua, kisha Novemba unaambiwa wageni wanakuja. Kama unataka kukaa mwaka, mkataba utaje mwaka, na useme kwa maneno kwamba Desemba na Januari zimo kwa kodi ile ile.

8. Andikianeni

Karatasi moja inatosha, kwa Kiswahili mnachokielewa nyote wawili. Iwe na majina na namba za vitambulisho, nyumba ni ipi, kodi na tarehe ya kulipa, dipoziti kiasi gani na itarudishwa kwa masharti gani, nani analipa maji, stima na kunyonya choo, nani anatengeneza paa na mabomba, na notisi ya kuhama ni ya muda gani. Kifungu cha kunyonya choo watu hukisahau, na ndicho huleta ugomvi, maana gari lile si la bei ndogo. Mtie sahihi mbele ya shahidi wa kila upande.

Msipoandikiana, sheria bado inakulinda kiasi. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, upangaji usio na muda uliotajwa huhesabiwa kwa kipindi cha kulipa kodi, na notisi haipungui kipindi hicho. Anayelipa kila mwezi anastahili notisi ya mwezi mmoja, na yeye pia anapaswa kuitoa. Wanaokaa kwenye vyumba ambavyo kodi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi wana kinga zaidi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi, na wanaweza kupeleka malalamiko kwenye baraza lake. Wenye duka au hoteli ndogo wana sheria yao tofauti, kwa hiyo usichanganye chumba cha kulala na cha biashara kwenye mkataba mmoja.

Lipa kwa M-Pesa au benki kwa jina lililo kwenye mkataba. Ukilipa taslimu, usiondoke bila risiti.

9. Ingia mtaani kama jirani

Kabla ya kupanga vitu, piga picha kila chumba: nyufa, vioo, sinki, namba ya mita. Mtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo.

Kisha toka nje uamkie watu. Wazee waamkie shikamoo, piga hodi kwa majirani wa kulia na kushoto, jitaje jina na kazi yako. Jitambulishe kwa mzee wa mtaa na kwa kiongozi wa Nyumba Kumi kama yupo. Kwenye mtaa ambao nusu ya watu ni wageni, anayejulikana ndiye anayelindiwa nyumba akisafiri.

Minazi iliyo kwenye kiwanja usidhani ni yako kwa sababu umepanga nyumba. Mara nyingi ina mwenyewe, na si lazima awe mwenye nyumba. Usiangue dafu bila kuuliza. Alfajiri unaweza kumkuta mgema anapanda mnazi ulio nyuma ya dirisha lako, na jioni atarudi. Ni kazi yake na ana ruhusa. Mwamkie, na usiweke kitanda cha mtoto wala tuktuk chini ya mnazi wenye nazi kavu.

Msiba ukitokea, nenda. Huna haja ya kuwajua sana. Kaa na wenzako matangani, toa mchango kidogo kadiri ulivyojaliwa, saidia kubeba viti au maji. Mwezi wa Ramadhani punguza muziki, na usile barabarani mbele ya waliofunga. Majirani wakikuletea sahani ya kaimati au viazi vya nazi, usiirudishe tupu. Na kama una kisima kizuri au tangi kubwa, siku ya ukame mruhusu jirani achote mitungi miwili. Maji ndiyo yanayojenga au kuvunja ujirani huku.

Taka usichome chini ya madirisha ya watu. Kama gari la kaunti halifiki mtaani kwenu, changeni mlipe kijana mwenye mkokoteni, na mhakikishe anazipeleka mahali panaporuhusiwa, asizitupe kwenye shimo la mawe lililo karibu. Shimo hilo likijaa maji ya mvua, ndiyo hayo mtakayoyakuta visimani.

10. Unapohama

Toa notisi kwa maandishi, hata kama mnaelewana vizuri, na ubaki na nakala au ujumbe wa simu wenye tarehe. Lipia maji yote, safisha, paka rangi kama mkataba ulisema. Mwite mwenye nyumba mpite chumba kwa chumba na zile picha za siku ya kuingia. Ukuta uliotoa chumvi na kitasa kilicholiwa na kutu ni uchakavu wa kawaida wa pwani, hupaswi kukatwa dipoziti kwa hayo. Kioo ulichovunja ni chako.

Usikubali ile desturi ya "kaa mwezi wa mwisho ule dipoziti yako" bila kuandikiana, maana mkitofautiana baadaye itaonekana hukulipa kodi. Mwenye nyumba akigoma kurudisha, anza na mzee wa mtaa, kisha chifu. Mengi huishia hapo. Yasipoisha, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 inashughulikia madai ya pesa yasiyozidi shilingi 1,000,000, na si lazima uwe na wakili. Nenda kwenye majengo ya mahakama ya Malindi, uulize masjala jinsi ya kufungua dai, ukiwa umebeba mkataba, risiti, notisi na picha zako.